Gurudumu Lililokwanguliwa Ukutani Kwetu

Nyumba ya Hulikatti,
Mtaa wa Kisima cha Juu,
Hirekoppa,
Karnataka Kaskazini, India.

9 Februari

Mpendwa Shangazi Sharanamma,

Kwaru, kwaru, kwaru. Hiyo ndiyo sauti iliyonikaa masikioni tangu wiki iliyopita: chuma kikikwangua ukuta. Hata sasa, kalamu ikipita juu ya karatasi, naisikia. Nitakueleza ni ukuta gani, ingawa nadhani umeshajua. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni kama mgeni anayeingia jikoni na viatu, kwa hiyo ngoja nivue viatu kwanza.

Naigusa miguu yako kutoka huku mbali. U hali gani? Mzee Virupaksha presha yake imetulia, au bado anaficha chumvi chini ya leso mezani? Chetana naye ameshapona kikohozi? Mwambie binamu yake anamkumbuka, na kwamba yule paka aliyempa jina la waziri mkuu amezaa.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama yako, Bibi yangu, macho yamekwisha kabisa, lakini nguvu zote zilizotoka machoni zimehamia mdomoni. Kila asubuhi anauliza kama miwa imeshakatwa, na akiambiwa bado, anatukana kiwanda kizima kuanzia meneja hadi bomba la moshi. Goti linamsumbua wakati wa baridi. Mafuta uliyotuma yamemsaidia, ila anasema yananuka kama duka la dawa na anataka yale ya zamani ya mbegu za mbarika.

Barua hii anakuletea Mahantesh, mtoto wa fundi pampu, anayerudi huko kwenu Muscat Ijumaa. Alikataa kwanza kubeba mzigo wetu kwa sababu safari iliyopita unga wa karanga na pilipili ulimwagikia shati lake la kuombea kazi. Safari hii nimeufunga kwenye kopo la bati. Kuna na sukari guru ya msimu huu, bado ina harufu ya moshi. Usimpe Mzee Virupaksha yote kwa siku moja.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa sauti. Nimeusikiliza zaidi ya ninavyoweza kukiri. Ulilia, Shangazi, na ndiyo maana sikukupigia simu. Ukilia mimi hukubali kila kitu. Nimeona niandike, maana karatasi hailii, nami nitaweza kufika mwisho wa ninachotaka kusema. Uliniomba mambo mawili. La kwanza, siku Baba atakaporudisha fomu ya kugombea, nimzungushie taa mlangoni na kumpaka majivu matakatifu kwenye paji la uso, kama alivyokuwa akifanya marehemu Mama na kama ninavyofanya mimi tangu alipotutoka. La pili, baada ya hapo nikae ndani na ninyamaze mpaka kura zihesabiwe. Ulisema, “Nila, mtoto wa kike hamvui baba yake nguo sokoni.”

Neno hilo limenichoma. Lakini nataka nikueleze, bila kupiga kelele, nani alianza kuvua nguo.

Ukuta ninaousema ni ule wa mbele, unaotazama barabara. Unaukumbuka una gurudumu kubwa la kijani la mkokoteni, alama ya chama chetu. Dastagir mpaka-rangi ndiye aliyelichora mimi nikiwa bado nabebwa, na kila uchaguzi alirudi kulifufua. Mimi nilijifunza kuhesabu kwa mataruma ya gurudumu lile. Wageni wakiuliza njia walikuwa wanaambiwa, “Nenda mpaka uone Gurudumu.” Ilikuwa alama ya chama, lakini pia ilikuwa anwani yetu.

Wiki iliyopita Baba alimwita Dastagir alifute. Chokaa haikutosha. Kila akipaka, kijani kilichungulia kutoka chini, hata watoto wa shule wakasimama kutazama. Mwishowe akachukua chuma cha kukwangulia masufuria, akaanza. Mimi nilikuwa jikoni nasahihisha karatasi za wanafunzi. Nikatoka.

“Dastagir, pole pole, utatoboa ukuta,” nikamwambia.

“Mama, mimi sina kosa,” akasema bila kugeuka. “Rangi hii niliichanganya mwenyewe na utomvu. Gouda, baba yako, aliniambia nichore kitu kisichofutika. Nilimtii mno.”

Baba alikuwa barazani na gazeti, amelishika mbele ya uso kana kwamba ana ndui. Hakucheka. Dastagir akaendelea, kwaru, kwaru, kwaru, na vumbi la kijani likatua kwenye maua ya Mama.

Wewe uliondoka kwenda kwa mumeo kabla Baba hajawa mtu wa kuandikwa magazetini, na mengi umeyapata kwa simu. Basi nikukumbushe alitoka wapi, maana watu wanamsimulia siku hizi kana kwamba alizaliwa mwezi uliopita ndani ya hoteli. Baba hakuanza na chama. Alianza na mfereji. Serikali iliuchimba mfereji kutoka mtoni, ukanywesha mashamba ya juu, yetu yakiwemo, ukaishia njiani. Vijiji vya mkiani, kule mfereji ulikopaswa kuishia, vilibaki na mtaro mkavu ambamo mbuzi walikuwa wanazalia. Baba, ambaye shamba lake lilikuwa na maji tele, alikwenda kukaa barabarani na watu wa mkiani. Hakuna aliyemlazimisha. Polisi walimpiga mpaka kidole kikapinda, kile anachokitumia mpaka leo kuchora gurudumu hewani akimaliza hotuba.

Yallavva, mwanamke wa mkiani, ndiye aliyekuwa akiwapikia. Namkumbuka amechuchumaa kwenye lami, anapiga mikate ya mtama kwa viganja, pa, pa, pa, huku magari ya polisi yamewasha taa mbele yake. Mumewe aliugua katika mgomo ule na hakuamka tena. Tangu hapo kila sikukuu ya nyoka, siku ya dada kurudi kwa kaka zao, anakuja kwetu na maziwa na mbisi za mtama, na Baba anampa sari kama dada wa tumbo moja. Kwa hiyo nikisema Yallavva, sisemi mpiga kura. Nasema mtu wa nyumbani.

Chama cha Gurudumu kilimwona Baba kutoka pale, kikampa nafasi, naye akashinda. Akashinda tena. Karibu miaka yote hiyo alikaa upande wa upinzani katika Bunge la Karnataka. Kila bajeti alisimama akasema mfereji, mfereji, mpaka spika akamtania kwamba siku akifa atazikwa ndani yake. Mara ya mwisho chama chetu kikaingia madarakani kwa kuungana na vingine, kwa tofauti ndogo kama unywele. Tulipika vyakula vitamu siku ile. Baba hakupewa uwaziri, na mfereji haukupewa kitu. Wakubwa wa chama walimwambia asubiri. Ninakiri, Shangazi: alidhulumiwa. Sitamruhusu mtu wa mtaani aseme Baba ni mlafi. Alidhulumiwa, na alisubiri kwa adabu.

Kisha zikaja zile siku za hoteli. Chama kilipoanza kuogopa kwamba watu wake watanunuliwa na chama cha Kengele, wapinzani wetu, kiliwapakia wabunge wake kwenye basi kama vifaranga, kikawafungia kwenye hoteli ya mapumziko milimani na kuwanyang'anya simu. Nani anamfungia mtu mzima anayemwamini? Siku chache baadaye wakatoroka baadhi yao, Baba akiwa mmoja, wakaingia hoteli nyingine, ya Kengele safari hii, yenye bwawa la kuogelea. Uliiona ile picha ya gazetini. Baba na kaptula, miguu ndani ya maji, anakula papai. Mtu ambaye nyumbani hakubali kuvua shati hata tukiungua na joto.

Wakajiuzulu wote kwa pamoja, serikali ikaanguka, na Kengele wakachukua utawala. Kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kubaki na kiti cha chama alichokihama, sasa Baba anarudi kwa wapiga kura wale wale katika uchaguzi mdogo, kwa alama ya Kengele. Akishinda atakuwa waziri wa umwagiliaji. Waziri wa mifereji! Walijua kabisa ni ndoano gani waitumie.

Siku aliporudi alikuwa na shali ya njano shingoni. Aliinama kugusa miguu ya Bibi kama kawaida, na Bibi akampapasa kichwa, mabega, akafika kwenye shali. Akaisugua kwa vidole.

“Hii si pamba,” akasema.

“Ni ya chama, Mama.”

“Ya chama chetu ni pamba. Hii inateleza.”

Bibi alijigeuza ukutani na kuomba maji. Baba alibaki ameinama kwa muda, kama aliyesahau namna ya kunyooka.

Usidhani mjini walimhurumia. Kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, wanaume walewale waliokuwa wanagombania kumwekea kiti, sasa nikipita wanaongea kwa sauti ya kutosha nisikie: “Jamani, chai ya Gouda iwekwe sukari ya chama gani?” Na mwingine: “Muulizeni binti yake leo tunamsalimu kwa mkono gani, tusije tukakosea.” Siku moja nilisimama. Nikawauliza ni nani kati yao aliyelala barabarani kwa ajili ya mfereji. Wakatazama vikombe vyao. Sikubali watu wasiowahi kuwa na msimamo wamcheke aliyeupoteza.

Lakini yapo maswali ambayo siwezi kuyajibu kwa ukali. Unajua ninafundisha uraia kwenye chuo cha wasichana. Nilikuwa nawaeleza jinsi kura inavyogeuka kuwa kiti. Msichana mmoja wa mkiani, mpole, anayekaa dirishani, akanyoosha mkono. “Mwalimu, mtu tuliyemchagua akihama, kura yetu inahama naye au inabaki?” Darasa zima likanigeukia. Hakuna aliyecheka. Nilisema tutalijadili wiki ijayo. Mimi, Shangazi, ambaye mlinisomesha mpaka shahada ya pili, nilijificha nyuma ya wiki ijayo.

Jioni hiyo nilimuuliza Baba tukiwa tunakula. Nilikuwa nimempikia biringanya za kujazwa anazozipenda, kwa hiyo usiseme nilimvizia akiwa na njaa.

“Baba, kabla ya kuhama, uliwauliza?”

“Niwaulize nani? Watu laki mbili niwapigie simu mmoja mmoja?”

“Yallavva ungempigia.”

“Simu walitunyang'anya,” akasema. Kisha akasikia alichokisema, akasukuma sahani. “Wewe mwanangu umesoma vitabu, mimi nimesoma serikali. Nimekuwa mpiga kelele maisha yangu yote. Unajua mpiga kelele anapewa nini? Anapewa glasi ya maji asikaukwe na koo. Maji ya shamba yanaletwa na anayetia saini. Mfereji ukifika mkiani, nani atauliza nilivaa shali ya rangi gani?”

“Yallavva atauliza.”

“Yallavva atakunywa!”

“Atakunywa, na atauliza.”

“Nyie wawili,” Bibi akasema kutoka kitandani kwake, “gombaneni, lakini mkate unapoa.”

Ninakuandikia maneno yake yote ili usiseme nimempunja. Huenda yuko sahihi kuhusu maji. Nimelifikiria jambo hilo mpaka kichwa kikaniuma. Lakini watu wale hawakumpa kura kama mtu anavyompa mtoto nauli, akipenda apande basi hili au lile. Walimpa pamoja na kidole chake kilichopinda, na kifo cha mume wa Yallavva, na mikate ile juu ya lami. Kama alitaka kuipeleka Kengele, angerudi kwanza, akae nao chini, aseme. Wangeweza hata kukubali. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: wangeweza kukubali.

Siku chache baadaye Yallavva alikuja. Nilidhani atalia au atamtukana. Aliketi barazani, akakataa chai, jambo ambalo kwake ni zaidi ya matusi.

“Kaka,” akasema, “sikuja kwa maneno. Nimekuja kuchukua ufunguo wa ofisi ya chama. Uko kwenye droo yako.”

“Unautaka wa nini? Hakuna mtu mle.”

“Nikafagie.”

Baba akauleta mwenyewe. Akauliza, kwa utani, ni nani sasa atakayebeba Gurudumu, maana vijana wote wa ofisini wameshavaa njano.

“Nikikosa mtu, nitalibeba mimi.”

Baba akacheka. Yallavva naye akacheka, wakacheka pamoja kama zamani, na nilitaka sana mambo yaishie hapo. Kisha Baba akafuta macho na kumwambia, kwa upole kabisa, “Dada, utapata wapi mdhamini? Fomu inataka jina la mpiga kura wa jimbo hili. Nani ataweka jina?”

Alikuwa anasema kweli, na wewe mtoto wa shamba la miwa unaelewa. Kiwanda cha sukari kiko mikononi mwa watu wa Kengele. Kiwanda ndicho kinachotoa zamu ya kukata. Anayewaudhi hapewi zamu, na muwa usiokatwa kwa wakati wake hukauka, ukabaki ukuni. Hakuna haja ya kumtishia mtu. Kila mkulima, akishika kalamu, anaona shamba lake limekauka. Hakupatikana mwingine wa kulibeba Gurudumu, kwa hiyo Yallavva alizunguka vijiji vyote vya mkiani akitafuta mdhamini. Watu walimpa chakula, wakampa machozi, wakampa ahadi ya kura ya siri. Jina hawakumpa. Siwalaumu.

Sasa nije kwenye ile video ya mkutano wa kampeni wa Kengele, kwa sababu najua imefika hata Muscat. Ulisema uliiona na ukazima simu kwa aibu. Mimi nilikuwepo, nimeketi jukwaani kwenye safu ya wanawake, kwa kuwa Baba aliniomba na sikuwa na ujasiri wa kukataa. Mkubwa wa Kengele alikuja kutoka mji mkuu na kengele ya shaba, akaigonga kila msemaji alipomaliza. Baba alihutubia vizuri. Unajua sauti yake ikishapata moto. Alieleza mfereji, kijiji kwa kijiji, hata waliokuja kumzomea wakanyamaza. Kisha akafika mwisho. Mkono ukapanda wenyewe, kidole kilichopinda kikachora duara hewani.

“Basi ndugu zangu, mkifika kwenye mashine ya kura msitazame kushoto wala kulia. Bonyezeni Gurudumu!”

Uwanja wote ukapasuka kwa kicheko. “Rudia, Gouda, rudia!” Vijana walirusha kofia. Mkubwa akaigonga kengele yake kama mtu anayefukuza nyani shambani. Baba akapiga kelele, “Kengele! Nimesema Kengele!” lakini hakuna aliyemsikia tena.

Watu wote wanasema pale ndipo alipoaibika. Shangazi, mimi sioni hivyo, na ndiyo maana nakuandikia. Nilipomsikia akisema Gurudumu, machozi yalinijaa, na hayakuwa ya aibu. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka hoteli, nilimsikia Baba. Nilichoona aibu ni kile kilichofuata, alipojisahihisha.

Tulirudi kwa gari, tukapita daraja la mfereji. Kisha Baba akasema, akitazama nje, “Ulimi umezeeka. Haujifunzi.” Baada ya muda akaniuliza, “Watu wote walicheka. Wewe mbona hukucheka?”

“Kwa sababu hukukosea, Baba.”

Baba alivua shali, akaikunja, akaiweka mapajani. Tulipokaribia nyumbani akaivaa tena.

Jana ilikuwa siku ya kurudisha fomu.

Niliamka nikamwagia maji kizingiti, nikachora maua ya unga mlangoni. Nilitayarisha sinia kama Mama alivyokuwa akilitayarisha: taa ya samli, majivu, unga mwekundu, mchele, jani la tambuu. Nje magari yalishapanga foleni, ngoma zinalia, vijana wenye shali za njano wamejaa mpaka kisimani. Baba alitoka na kanzu mpya nyeupe. Amekonda, sijui kama nilikuambia. Nilimzungushia taa. Nikampaka majivu mistari mitatu kwenye paji, na aliinamisha kichwa ili nifikie, kama anavyofanya siku zote, ingawa mimi ni mrefu siku hizi na hahitaji kuinama. Nilimwombea kwa moyo wangu wote afya na maisha marefu. Hilo ulilolitaka, Shangazi, nimelitimiza, na sikulifanya kwa kinyongo. Lile la pili sikuweza.

“Majivu umeyapaka mengi leo,” Baba akasema chini kwa chini.

“Baba, nikiliweka hili sinia naenda kwa Yallavva. Namdhamini.”

Ngoma zilikuwa zinalia, na kwa muda nilidhani hakusikia. Alinitazama. Nilisubiri aseme kuhusu Mama, au kuhusu chuo, maana mwenye chuo ni mtu wa Kengele na huenda Jumatatu nikakuta jina langu limeondolewa kwenye ratiba. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote. Hata nilikuwa nimeshajua nitakachomjibu: kwamba katika jimbo zima kuna nyumba moja tu ambayo miwa yake kiwanda hakiwezi kuikataa, nayo ni hii ya mgombea wao. Kama si mimi, ni nani?

“Kuna jua kali,” akasema. “Chukua mwavuli.”

Akashuka ngazi, akaingia kwenye gari.

Nilikwenda na Yallavva kwa bajaji. Alikuwa amevaa sari ya kijani, ile aliyopewa na Baba sikukuu iliyopita, na ufunguo wa ofisi ameufunga kwenye pindo. Njiani aliniuliza kama nimekula. Tulipofika, msafara wa Baba ulikuwa unatoka, vumbi na honi, tukasimama pembeni chini ya mwavuli mpaka upite.

Msimamizi wa uchaguzi hakuinua macho. Alimuuliza Yallavva jina lake, akaandika. Kisha akasema, “Mdhamini. Jina?”

“Nilambika.”

“Jina la baba?”

“Irappa Gouda Hulikatti.”

Kalamu ikasimama. “Irappa Gouda yupi?”

“Aliyetoka hapa sasa hivi.”

Aliniangalia, akaliangalia daftari la wapiga kura, akaniangalia tena, kama anayengoja nibadili neno. Sikubadili. Nikatia saini pale aliponionyesha, kwa maandishi makubwa, ili mtu yeyote aweze kuyasoma.

Msalimie sana Mzee Virupaksha, Chetana, na majirani zako waliotoka mji wa Hubli wanaotutumia tende. Bibi anakuombea mvua ya neema hata huko jangwani kwenu, na anasema usilie, machozi yatunze kwa ajili ya kitunguu. Mungu awalinde nyote, na atufikishe siku ya matokeo tukiwa bado tunakula sahani moja. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa barua, nitaisoma yote.

Akupendaye hata siku usipomwelewa,

Nilambika,
binti wa Irappa Gouda